UZI: Makao makuu ya kampuni hapa Dar, "jengo la kijani" linaanzia kwenye mwelekeo wa jua kabla hata ya sola za juu ya paa

Wakuu habari za muda huu. Humu jamvini kuna nyuzi nyingi za kusifia maghorofa mapya ya mjini, hili lina ghorofa ngapi, lile lina vioo vya rangi gani, na kila kampuni ikizindua makao makuu yake tunaambiwa ni jengo rafiki wa mazingira kwa sababu juu kuna paneli za sola na vyooni kuna bomba za sensa. Mimi kazi yangu ni kusimamia majengo ya ofisi, yaani AC, umeme, maji, lifti, jenereta, bili zote zinapita mezani kwangu, na nataka niliseme hili bila kuzunguka. Kwa hali ya hewa ya Dar, jengo linaamuliwa siku akitekti anapochora mstari wa kwanza kwenye kiwanja, pale anapoamua ule ubavu mrefu wa jengo utatazama wapi. Ukikosea pale, miaka yote inayofuata unalipa bili ya kufukuza joto uliloliruhusu liingie.

Tuanze na jua. Dar ipo kama digrii 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Juni linahamia upande wa kaskazini lakini saa sita mchana bado lipo juu, kama digrii 60 kutoka chini. Desemba linakuwa upande wa kusini, digrii 73 hivi. Maana yake ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini ni rahisi sana kuukinga. Chukua dirisha lenye kimo cha mita moja na nusu, toa kibao cha zege juu yake kitokeze nje sentimita 90 upande wa kaskazini, na kusini sentimita 45 au 50 zinatosha, jua la saa sita halitagusa kioo hicho mwaka mzima. Asubuhi na jioni linaingia kwa ubavu kidogo, hapo unaongeza mbavu za wima pembeni ya dirisha, kazi imekwisha. Hiyo ni zege na nondo tu, haina spea, haina fundi wa kuja kuhudumia kila robo mwaka.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine kabisa. Saa kumi jioni jua letu limeshashuka mpaka digrii 35 hivi, linakuja limelala, kibao cha juu ya dirisha hakilioni. Na bahati mbaya ndo pande hizo hizo kila bosi anazitaka, mashariki kwa sababu bahari ipo huko, na pande za barabarani kwa sababu jina la kampuni lionekane. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi mpaka Bagamoyo inakwenda kama kaskazini-magharibi, kwa hiyo jengo refu lililojipanga sambamba na barabara linakula jua la asubuhi ubavu mmoja na la jioni ubavu wa pili. Nendeni mkaangalie wenyewe.

Sasa ingia ofisi yenye ukuta mzima wa vioo upande wa magharibi, ingia saa tisa na nusu alasiri mwezi wa pili. Utakuta kwenye vioo wamebandika maboksi, manila na kalenda za mwaka juzi kwa selotepu. Mapazia yote yameshushwa, kwa hiyo taa zinawaka mchana kweupe kwenye jengo lililojengwa kwa vioo ili lipate mwanga. Aliyekaa karibu na kioo kajiwekea kafeni ka mezani na bado anajipepea na faili, aliyekaa chini ya tundu la AC kajifunika kanga mabegani, na rimoti inagombaniwa mmoja anataka 18 mwingine anataka 26. Hawa wote wapo chumba kimoja! Halafu mwisho wa mwezi menejimenti inauliza mbona umeme umepanda.

Wengi wanaamini pazia la ndani linaokoa. Linaokoa macho tu. Mwanga wa jua ukishapita kioo ukagonga pazia unageuka joto, na kioo kinaruhusu mwanga kuingia lakini lile joto linalotoka kwenye vitu vilivyokwisha kupashwa hakilirudishi nje, limeshakuwa la kwako, AC ndo inabaki kulitoa. Kivuli kinatakiwa kikae NJE ya kioo. Nikipewa nafasi ya kumwambia mkurugenzi yeyote anayejenga sentensi moja tu, nitamwambia hiyo.

Naendelea wakuu.

Cha kuniuma ni kwamba mji huu ulishayajua haya. Majengo ya enzi za Mjerumani pale Ocean Road na Kivukoni yana kuta nene, dari ziko juu, veranda pana zinazunguka. Baadaye miaka ya 50 na 60 wakaja wasanifu wa zege, mmoja wao Anthony Almeida, mzaliwa wa hapa hapa Dar, na ukitembea Samora na mitaa ya jirani ukainua kichwa utaona ghorofa za wakati ule zina vibao vya zege mbele ya madirisha, vizuizi vya mraba mraba, tofali za matundu kwenye ngazi. Watu siku hizi wanaona ni urembo wa kizamani. Ile ilikuwa mashine ya kivuli. Halafu Beda Amuli, mmoja wa wasanifu Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki, akatuchorea Soko la Kariakoo miaka ya 70, paa lake miavuli ya zege iliyogeuzwa, kivuli kipana na hewa inapita juu ya vichwa vya watu. Lile lililoungua Julai 2021. Sasa wanafunzi wetu wa usanifu pale Chuo Kikuu Ardhi wana mfano kama huo umbali wa daladala mbili, na bado ramani za ofisi zinazoletwa mezani ni za boksi la kioo.

Na tukienda nje tunakwenda kuiga kusiko. Kila mtu akitaja jengo la kijani Afrika anataja Eastgate ya Harare, 1996, msanifu Mick Pearce, aliyejifunza kwenye kichuguu cha mchwa. Jengo zuri sana, nalikubali kwa moyo wote. Linavyofanya kazi ni hivi: usiku mafeni yanapitisha hewa baridi kwenye zege, zege linapoa, mchana linanyonya joto la watu na mashine. Ila Harare ipo karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku wake una baridi. Sisi Januari hata usiku wa manane joto linagoma kushuka chini ya nyuzi 25, na hewa imejaa unyevu, hilo zege utalipoza na nini? Vivyo hivyo ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri Nairobi zilizofunguliwa 2011 kwa ajili ya wafanyakazi 1,200, katikati kuna uwazi mrefu unaovuta hewa ya moto juu na mapaa yamejaa sola. Nairobi nayo ipo mlimani, watu wake asubuhi wanavaa makoti. Tujifunze nidhamu ya kubuni, lakini mbinu yenyewe haihamishiki kuja pwani.

Ndugu zetu wa kweli kwa hali ya hewa wapo ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Colombo, Sri Lanka, ipo digrii 6.9 kaskazini ya ikweta, yaani ni Dar iliyogeuzwa tu, na kule Geoffrey Bawa mwishoni mwa miaka ya 70 alijenga ghorofa la ofisi la benki ya mikopo ya nyumba ya serikali akilipanga kwa kufuata upepo na kivuli. Halafu nendeni Malaysia, karibu na Kuala Lumpur, mtaone Menara Mesiniaga ya Ken Yeang, 1992, ikapata tuzo ya Aga Khan ya usanifu 1995. Hii naipenda kuliko zote kwa sababu ni makao makuu ya kampuni hasa, kampuni iliyokuwa inauza mitambo ya IBM, watu waliotaka jengo la kuwatambulisha mbele ya wateja. Yeang alichukua lifti, ngazi na vyoo akavipeleka vyote upande wa mashariki, vikawa ngao ya jua la asubuhi. Kwenye madirisha yenye jua kali akaweka luva za aluminiamu kwa nje, yaani vibao vyembamba vya kukinga jua. Bustani zinapanda jengo kwa mzunguko kutoka chini mpaka juu, kila ghorofa mtu anatoka anapunga upepo. Na ile sehemu ya lifti, ngazi na vyoo inapata mwanga na hewa ya asili.

Hapo kwenye vyoo na ngazi tusimame kidogo. Ofisini kwenye kompyuta, AC Dar utaihitaji, asikudanganye mtu, unyevu wetu sio wa kuchezea na sehemu kubwa ya kazi ya AC hapa ni kukausha hewa kabla hata ya kuipoza. Lakini nani alisema korido ipozwe? Ngazi? Kantini? Mapokezi yenye milango ya kioo inayofunguka na kufunga mfululizo kutwa nzima huku joto la barabarani linaingia? Hizo ni sehemu mtu anapita au anakaa muda mfupi, zikiwa na kivuli, tofali za matundu na pangaboi zinatosha kabisa. Ukichora hivyo toka mwanzo unanunua mitambo midogo zaidi, na jenereta dogo zaidi, na transfoma ndogo zaidi. Fedha inaokolewa kabla jengo halijafunguliwa.

Kuhusu upepo, kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Jengo lenye nyuso ndefu kaskazini na kusini linazipokea zote kwa mshazari, na ndo uelekeo huo huo unaolikinga na jua. Yaani asili imetupangia jibu moja kwa maswali mawili. Sharti lake jengo liwe jembamba, mita 14 au 15 hivi kutoka dirisha mpaka dirisha, maana mwanga wa mchana wa kufanyia kazi unaingia kama mita 6 au 7 tu, ukizidisha upana katikati panabaki giza la kuwasha taa mwaka mzima.

Nimerudi, nimeona maswali yamejaa. Nianze na mkuu aliyesema bila vioo jengo halionekani la kisasa na wateja wa benki wanataka kuona kioo.

Mkuu, nakuelewa, na sijasema tukae gizani. Nasema ukuta uwe na madirisha theluthi moja hivi, yakae pale yanapohitajika, yakingwe kwa nje, na MENGINE YAFUNGUKE. Hili la kufunguka nalisisitiza kwa sababu jengo lililofungwa kioo juu mpaka chini, siku umeme umekatika na jenereta limegoma, baada ya muda mfupi watu wote wapo chini paking. Pia vile vioo na fremu zake vinakuja kwa meli, vinalipiwa kwa dola, kikipasuka kimoja unasubiri. Zege, tofali na mafundi vipo hapa. Na kivuli kizuri kinapendeza kuliko kioo, angalieni sura ya jengo lenye vikinga jua saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, linabadilika kila saa.

Dada aliyeuliza kuhusu sola, kama za paani zinatosha kuendesha jengo, hili ni la muhimu ngoja tupige hesabu pamoja. Tuchukue ghorofa 20, kila sakafu mita za mraba 800. Paa ni mita 800 hizo hizo, toa chumba cha lifti, matangi na mitambo ya AC, baki na 400. Kilowati moja ya paneli inataka kama mita 5 za mraba, kwa hiyo unapata kilowati 80, na kwa jua letu kilowati moja inatoa uniti 4 hivi kwa siku, jumla 320. Sasa matumizi, tukadirie uniti 120 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, mara mita 16,000, gawa kwa siku 365, unapata zaidi ya uniti 5,200 kwa siku. Sola imekupa asilimia 6. Weka tu, hizo 6 ni zako, na kivuli cha paneli kinapoza paa. Ila usiziite jibu. Ukiikinga magharibi na kuacha kupoza korido unaokoa zaidi ya hapo bila betri hata moja. Kwa jengo la ghorofa tatu au nne lenye paa pana hesabu inageuka, hapo sola inakuwa mtu mzima, na ndo maana kampuni yenye kiwanja kikubwa ningeishauri ipunguze urefu.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, Dar tunapata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita 800 linakupa kama lita laki nane, na nyingi zinamwagika masika ndani ya miezi mitatu. Bila tangi kubwa chini zinaenda mtaroni kuongeza mafuriko. Lakini kuna maji mengine watu hawayaoni, yale yanayodondoka kwenye AC. Kwa unyevu wetu mitambo ya jengo kubwa inatoa maji kutwa nzima, ni safi kiasi cha kufulashi vyoo na kumwagilia, na mara nyingi utaona kabomba kamening'inizwa yanatiririka ukutani yanaacha alama ya kijani mpaka chini. Yakusanyeni. Ni bomba moja la kushuka na tangi, lakini lichorwe mapema.

Kuna kaka kataja vyeti vya majengo ya kijani, EDGE, LEED, BREEAM. Sina ubaya navyo. EDGE ya IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, kwa mfano inataka uokoe angalau asilimia 20 kwenye nishati, asilimia 20 kwenye maji, na asilimia 20 kwenye nishati au hewa ya ukaa ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, na programu yake unaweza kuitumia wakati ramani bado ipo kwenye karatasi, hapo inasaidia kweli. Tatizo linakuja cheti kikitafutwa jengo likiwa limeshachorwa, maana mifumo ya pointi kama LEED inakuruhusu kuokota pointi sehemu nyingine huku ukuta wa magharibi ukiendelea kuwaka. Na hili la vifaa lisipuuzwe, saruji peke yake inabeba kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu duniani, kwa sababu ya chokaa na moto wa kuichomea. Kwa hiyo kampuni inayobomoa ghorofa zima la miaka ya 70 lenye nguzo imara ili ijenge jipya la kijani, ipige hesabu hiyo kwanza. Mara nyingi ukiliacha fremu, ukabadili ngozi na mabomba, umeshinda.

Mahali pa jengo nalo lihesabiwe, ofisi ya watu mia tano karibu na kituo cha mwendokasi na ofisi ya watu mia tano inayohitaji paking ya ghorofa nne sio jengo moja hata kama ramani ni ile ile.

Mwisho kuna waliouliza, sisi tupo kwenye jengo la vioo tayari, tunafanyaje? Hapa nitaenda kwa mpangilio ninaoutumia. Kwanza hamisheni vitu kabla ya kununua kitu. Stoo, mafaili, chumba cha mikutano cha asubuhi, mashine za kopi, vyote viende magharibi, watu waje kaskazini na kusini. Pili kinga ya nje upande wa magharibi, nyavu au luva za aluminiamu kwenye fremu iliyotokeza nusu mita hivi kutoka kwenye kioo ili hewa ipite katikati na mtu wa kusafisha aingie. Muwe makini na chumvi, ukiwa Upanga, Kivukoni au Masaki chuma cha kawaida kilichopakwa rangi kinaota kutu haraka, na mapezi ya zile AC za nje yanamung'unyika kama biskuti kwenye chai, kwa hiyo mzabuni aandike aina ya chuma na namna kilivyokingwa, msikubali neno "imara" tu. Ikishindikana kabisa bandikeni tinti ya kuzuia joto, ni nafuu lakini inapunguza na mwanga. Tatu pangaboi. Hewa ikitembea mwili unajisikia kama joto limeshuka nyuzi mbili tatu, kwa hiyo AC unaiweka 25 au 26 na hakuna anayelalamika, na ile vita ya rimoti inaisha. Nne mita ya umeme kila ghorofa, maana bila kujua nani anatumia nini kila mtu atamsingizia mwenzake.

Na kwa wale ambao kampuni zenu ndo zinataka kuanza kujenga, ombeni mchoro mmoja tu kabla bodi haijasaini. Jengo likiwa limechorwa kwa juu, mshale wa kaskazini upo, na kivuli chake saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni kwa Juni na Desemba. Akitekti aliyesajiliwa na bodi ya usajili wa wasanifu majengo anaweza kuutoa bila kuhangaika, programu za kuchorea wanazo. Mwenye kiwanja au jengo analotaka tulichambue aweke hapa barabara ipo upande gani, kaskazini ni wapi, na bahari au jengo refu la jirani lipo wapi. Picha za ndani za saa tisa alasiri zinasaidia kuliko zile za uzinduzi. Nitapita humu jioni kujibu moja moja.